Ndinda wa Pili

Muhuri wa mpaka wa Beitbridge katika pasipoti ya zamani ya Kimanzi Musyoka ni wa tarehe 14 Machi 2009. Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, magunia mawili ya vinyago, na hofu kwamba afisa wa forodha angeyafungua yote mawili. Nyuma yake kwenye foleni alisimama Mjaluo mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma, asiye na mzigo isipokuwa mkoba wa begani. Walikuwa wamepanda basi moja kutoka Lusaka bila kusemezana. Mjaluo yule aliinama, akashika gunia moja, akalivuta mbele ya miguu yake mwenyewe.

"Hili ni langu," alisema kwa Kiswahili. "Twiga wangu, ndovu wangu. Wewe baki na vifaru."

Ndivyo Kimanzi alivyojuana na Willis Odero. Mmoja alikuwa mchongaji wa Baba Dogo, mwingine mkazi wa Donholm. Nairobi walikuwa wametenganishwa na barabara ya Outer Ring na si zaidi, lakini iliwabidi wafike ukingo wa Limpopo ndipo waamkiane.

Waliishi Durban miaka sita katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kimanzi aliuza vinyago karibu na ufuo, Willis alitengeneza mageti. Willis alijifunza kula muthokoi bila kulalamika kwamba ni mahindi yaliyovuliwa nguo, na Kimanzi akajifunza kula kichwa cha samaki bila kukitazama machoni. Willis alimwita Jakamba, yaani Mkamba kwa Kijaluo. Kimanzi alimwita Odero, kama mwalimu anavyomwita mtoro.

Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka huu, saa nane mchana, Kimanzi alikuwa ameketi katika sebule ya Willis, Donholm, na Willis alikuwa katika chumba cha maiti tangu Jumatatu. Shinikizo la damu lilimwangusha akiwa kazini. Alilazwa siku mbili, akafa.

Kamati ya mazishi ilikuwa na kazi moja mchana huo, nayo ni kumaliza wasifu wa marehemu. Caleb, mdogo wake Willis na karani wa reli, alikuwa na kompyuta mapajani. Mpiga chapa wa River Road alikuwa amemwambia mara mbili kwa simu kwamba karatasi zimfikie kabla ya saa kumi na moja, la sivyo asubiriwe Alhamisi. Na Alhamisi mwili ungekuwa njiani kwenda kijijini kwao, Ugenya.

Caleb alisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kutangaza treni.

"'Marehemu ameacha mjane, Celine Aloo, na watoto watatu: Kepha, Awuor na Magak.' Kuna mtu amesahaulika? Mimi sitaki kusikia mambo mapya kaburini."

"Akitokea mtu kaburini tutamwambia netiweki ilikuwa mbaya," alisema Patrobas, binamu yao, aliyekuwa akitafuna njugu karibu na dirisha. Watu walicheka kidogo, kicheko cha matanga.

Caleb hakucheka. "Patrobas, wewe unajua. Kwetu, mtoto asiyetajwa kabla udongo haujarudi shimoni, akija kesho ataulizwa alikuwa wapi siku baba yake alipolala. Hatapewa hata mahali pa kuweka kiti. Ndiyo maana nauliza sasa."

Aliwatazama mmoja mmoja. Macho yake yalimpita Kimanzi haraka, kama yanavyompita mgeni.

Kimanzi alikuwa na simu mfukoni. Ujumbe uliingia asubuhi kutoka Mtwara, na alikuwa ameusoma mara nne: *Kaka, jina la mtoto litasomwa?*

Mtoto huyo ana miaka kumi na mitatu. Mama yake, aliyeandika ujumbe huo, ni mtu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, aliyekuwa akiuza maandazi Durban jirani na karakana ya Willis. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, lakini kilitosha kununulia maandazi na baadaye kikatosha kwa mengine. Binti alizaliwa mwaka 2012. Wakati huo Celine alikuwa Donholm akilea watoto watatu na kungoja. Kimanzi alimwambia Willis wazi kwamba anakosea. Willis alikubali kwamba anakosea, kisha akaenda kununua nepi.

Halafu ikaja ile wiki ya Aprili 2015, wageni walipokuwa wakishambuliwa mitaani. Mwenye kibanda alichouzia Kimanzi alimfungia ndani kwa kufuli, kwa nia njema, ili watu wadhani hamna mtu. Kisha mwenye kibanda mwenyewe akakimbia na ufunguo. Kibanda cha tatu kutoka hapo kilikuwa tayari kinawaka. Kimanzi alisikia mabati yakigongwa kwa marungu, moja baada ya jingine, yakimkaribia. Alisikia pia vinyago vyake mwenyewe vikipasuka nje, na akashangaa kwamba aliweza kutofautisha mpingo wa kweli na ule wa bandia.

Willis alikuwa ameshapanda gari la polisi lililokuwa likipeleka watu kambini, yeye, mama na mtoto. Aliposikia Kimanzi amefungiwa kibandani, alishuka. Alimkabidhi mwanamke yule mtoto, akarudi mitaa minne na mkasi mkubwa wa kukatia nondo chini ya koti, akakata kufuli. Waliporudi barabarani gari lilikuwa limekwenda. Wanaume wawili walipelekwa kambi moja, mama na mtoto nyingine. Baada ya siku sita Wamsumbiji walipakiwa kwenye mabasi, wakarudishwa kwao; baadaye mama na mtoto wakavuka mpaka, wakahamia Mtwara. Willis hakumwona tena binti yake isipokuwa kwenye simu, na simu hiyo ilikuwa ya Kimanzi.

Willis hakuwahi kulisema jambo hilo kama deni. Kimanzi alilihesabu kila siku.

Kwa hiyo walipotua Nairobi, na Celine akawaandalia uji na mkate, na akafungua mkoba wa mumewe ili afue nguo, na akatoka na picha ya mtoto wa kike wa miaka mitatu mwenye nywele za mabutu, Kimanzi alimtazama Willis akikosa pumzi. Celine aliuliza mara moja tu.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Kimanzi.

Celine alimgeukia. "Wako, shemeji? Anaitwa nani?"

Hapo ndipo Kimanzi alipokosea. Angeweza kutaja jina lolote, Grace au Mercy. Lakini ulimi ukikimbia hukimbilia nyumbani, na kwa mwanaume wa Kikamba anayeulizwa jina la binti yake wa kwanza kwa mwanamke mwingine, jibu ni moja.

"Ndinda," alisema.

Ndinda lilikuwa jina la mama yake. Kwao Wakamba, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na ikiwa mwanaume ana wake wawili, kila nyumba hutoa binti wa jina hilohilo. Mtoto wa nje ya ndoa hapewi jina la nyanya. Kumpa jina hilo ni kusema kwamba huyu ana mlango, ana jiko, mama yake ni mke.

Binti wa kwanza wa Kimanzi, aliyezaliwa Baba Dogo, ni Ndinda. Mkewe, Mukai, alikuwa akiitwa Mama Ndinda na mtaa mzima.

Haikupita wiki Celine akamwambia Mukai, kwa huruma, jinsi rafiki anavyomwambia rafiki. "Vumilia," alimwambia. "Wangu amerudi mikono mitupu, lakini amerudi safi." Mukai alirudi nyumbani, akamkuta mumewe akinoa patasi.

"Umempa jina la mama yako?"

Kimanzi alijua kwamba likimfikia Mukai neno la kweli, Celine atalisikia kabla ya Jumapili. Alisema ndiyo.

Mukai hakupiga kelele. Kuanzia mwezi uliofuata aliacha kuitika Mama Ndinda. Kanisani alisema waziwazi, "Niiteni Mukai, hao akina Mama Ndinda ni wengi," na watu wakadhani ni mzaha. Yeye ni fundi cherehani. Kila Desemba alishona gauni moja la msichana kwa kukadiria umri, akalikunja katika gazeti, akamkabidhi Kimanzi. "Mtoto hana kosa," alisema mara ya kwanza. Miaka iliyofuata hakusema kitu. Kimanzi alimpa Willis, na Willis akatuma. Magauni kumi yalipita hivyo, kutoka mkono wa mwanamke aliyedanganywa hadi kwa mtoto wa mume wa rafiki yake.

Na Jumapili iliyopita, wodini, Willis alikuwa ameshika kiganja cha Kimanzi kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Mdomo wake ulikuwa umepinda. Maneno matatu yalitoka, na moja lilikuwa Jakamba.

"Usimwache nje, Jakamba."

"Jakamba! Niaje, umelala?" Patrobas alimrushia ganda la njugu. "Unaulizwa."

"Nasema utuandikie aya moja ya Durban," alirudia Caleb. "Wewe ndiye ulikuwa naye. Mistari sita, mizuri. Alivyofanya kazi, alivyosaidia watu."

"Na usituwekee nyoka humo ndani," alisema Patrobas. "Wakamba na uchawi wenu tunawajua. Mtu anafungua wasifu, anaumwa kidole."

"Nyoka wetu hawaumi Wajaluo," Kimanzi alijibu. "Wanaogopa Kiingereza chenu." Sebule ilicheka, naye akacheka nao.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Alichukua kalamu. Aliandika kwamba Willis Odero alikuwa fundi hodari. Aliandika kwamba alirudi kwa ajili ya rafiki yake wakati wengine walikuwa wakikimbia. Akafika mahali pa kuandika alimwacha nani kwenye gari, na kalamu ikasimama. Angeweza kuliingiza jina humo humo, katikati ya mstari wa tano, Caleb angeandika bila kuangalia, na Celine angelisikia likisomwa Jumamosi mbele ya jeneza.

Alikunja karatasi, akasimama, akaenda kugonga mlango wa chumba cha kulala.

Celine alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa gauni jeusi ambalo halijaisha. Mukai alikuwa amepiga magoti nyuma yake akipinda upindo, pini tatu mdomoni. Alikuwa akilala katika nyumba hii tangu Jumatatu, sakafuni, karibu na kitanda cha mjane.

"Shemeji, nina neno," alisema Kimanzi.

"Kama ni la gari la mwili, Caleb ndiye anajua."

"Si la gari. Ningeomba tuwe wawili."

"Wawili?" Celine alimtazama kana kwamba ametukana. "Huyu amekesha na mimi siku tano. Una neno gani la kumficha yeye?"

Mukai hakuinua kichwa. Kimanzi alifunga mlango nyuma yake.

"Yule mtoto wa kwenye picha si wangu."

"Picha gani?"

"Uliyoitoa kwenye mkoba. Siku tuliyorudi."

"Ndinda?"

"Haitwi Ndinda, shemeji. Nilisema lililokuja mdomoni. Anaitwa Leyla, na ni wa Willis. Yuko Mtwara na mama yake. Aliniomba wodini asiachwe nje."

Mukai alitoa pini ya kwanza mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa. Akatoa ya pili. Ya tatu aliishika mkononi.

"Toka," alisema Celine. Kimanzi aligusa komeo. "Ngoja. Usitoke. Umekula Krismasi ngapi katika nyumba hii?"

"Zote."

"Ukinitazama usoni."

"Nikikutazama usoni."

"Na yeye akicheka nawe hapo kwenye kochi. Wanaume wawili wazima." Sauti ya Celine haikupanda, ilishuka, na Kimanzi akatamani apige kelele. "Mimi ndiye nilimpelekea mke wako habari. Mimi! Nilimwambia wangu amerudi safi. Nilimwambia avumilie. Mukai, nilikwambia hivyo?"

"Ulisema," alijibu Mukai kutoka sakafuni.

"Kwa nini ulifanya hivi, shemeji?"

"Alimwacha mtoto huyo kwenye gari la polisi akarudi kunitoa mimi motoni. Gari likaondoka. Hakumwona tena. Nilidhani ninamlipa kwa neno moja. Sikujua lina uzito gani."

Nje, Caleb aliuliza kwa sauti kama mistari sita imeisha.

"Hatasomwa," alisema Celine. "Sikiliza. Sitasimama mbele ya wakwe zangu, na wanakijiji wote, nisomewe mtoto wa barabarani. Mimi nilimngoja mtu huyu miaka sita. Nilingoja! Mwacheni azikwe na watoto wake watatu."

"Si wa barabarani, shemeji."

"Wewe nyamaza."

Saa ya sebuleni haikusikika humo ndani, lakini Kimanzi alijua inakwenda.

Mukai ndiye aliyezungumza, na alizungumza na mumewe bila kumtazama. "Zile gauni. Alizivaa?"

"Zote."

"Hata ya zambarau? Niliibana kwapani. Nilijua nimeibana."

"Waliongeza kitambaa. Aliivaa hadi ikachanika."

Mukai alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekubali hesabu ya vipimo. Kisha akamwambia Celine, "Mama Awuor, mimi nimembeba miaka kumi mtoto ambaye si wa mume wangu, na jina la mama mkwe wangu juu yake. Kila nilipoitwa Mama Ndinda nilikuwa nauliza, wa nyumba ipi? Wewe mbebe Jumamosi moja."

"Unafurahi," alisema Celine. "Mzigo umehama, unafurahi."

"Sina furaha. Nina pini mkononi na gauni halijaisha. Simama wima."

Celine hakusimama wima. Aliketi kitandani, pini zikiwa bado kwenye upindo, na moja ikamchoma mguuni, asijali. Hatimaye aliinuka, akampita Kimanzi bila kumgusa, akafungua mlango.

Sebule nzima iligeuka kumtazama katika gauni la nusu. Ilikuwa saa kumi na nusu.

"Caleb, ongeza mmoja," alisema. "Wa nne."

Caleb alitazama kompyuta, akamtazama shemeji yake, kisha akamtazama Kimanzi aliyesimama nyuma yake, na uso wake ukabadilika. "Ongeza nani?"

"Muulize Mkamba wako."

"Wasee, niliwaambia," alisema Patrobas. "Nyoka ametoka."

Kimanzi alieleza. Alieleza kwa kifupi, akiwa amesimama, kama shahidi. Caleb alimsikiliza akiwa ameondoa mikono kwenye kompyuta, kana kwamba imepata moto.

"Ndugu yangu amelala, hawezi kukubali wala kukana," alisema Caleb. "Wewe, mzee, mwenyewe unasema ulidanganya miaka kumi. Leo, dakika ishirini kabla ya chapa, tukuamini kwa lipi? Una cheti?"

"Cheti kiliungua Durban."

"Basi una nini?"

"Nina jina lake."

"Jina ni Leyla, umesema. Hilo si letu."

"Leyla alipewa na mama yake. Lake Willis ni Ajwang'. Leyla Ajwang'."

Patrobas aliacha kutafuna. Ajwang' alikuwa mama yao Willis na Caleb. Alifariki mwaka 2011, Willis akiwa Durban bila nauli ya kurudi kumzika. Watoto watatu wa Donholm walizaliwa yeye akiwa hai, na kwa kuwa Wajaluo humpa mtoto jina la mtu aliyekwisha kufa, hakuna aliyebeba jina lake. Ukoo ulikuwa umengoja mtoto wa kulibeba, na baadhi ya wazee walikuwa wamelalamika kwamba bibi amesahauliwa.

"Nani alimwambia mwanamke huyo jina la mama yetu?" aliuliza Caleb.

"Kaka yako. Usiku mtoto alipozaliwa, Willis alilia hadi majirani wakagonga ukuta. Alisema mama amekuja kumtafuta ugenini kwa vile yeye hakwenda kumzika."

Caleb alipangusa miwani kwa ncha ya shati, akachukua muda kuirudisha. Kisha akamtazama Celine, akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa. "Nyar Alego, neno ni lako. Nikiandika, nimeandika. Sitafuta."

"Andika," alisema Celine. "Lakini sitaki jina bila mtoto. Asomwe akiwa amesimama hapo na wenzake, nimwone. Na huyu," alimwonyesha Kimanzi kwa kidevu bila kugeuka, "ndiye atakayemleta. Aya yake ya Durban iondoeni. Ameshasema vya kutosha."

Caleb aliliandika jina lote, akahesabu watoto kwa kidole kwenye kioo, akatuma. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nne. Mpiga chapa alijibu kwamba amepokea.

Mukai alimaliza upindo wa gauni, akalipiga pasi, akalitundika. Kisha alimwambia Kimanzi, mlangoni, kwa Kikamba, kwamba anakwenda kwa dada yake mtaani Mukuru kwa Reuben, kwamba asimfuate wala asimpigie, na kwamba yao wawili watayazungumza baada ya mazishi. Kimanzi alimuuliza kama atakuja Ugenya. Alisema atakuja kwa ajili ya Mama Awuor.

Leyla na mama yake wanaondoka Mtwara Jumatatu alfajiri. Jumatano Kimanzi na Caleb watawapokea mpakani Namanga, Alhamisi wataongozana na mwili hadi Ugenya, na Jumamosi saa nne asubuhi Caleb atasoma majina manne.